Vifaa vya kuzamia vya Kifaransa vya zamani: uanze kununua kipi?

Shika mpira kwanza, nembo utaisoma baadaye. Kunja pezi la kuvaa mguuni taratibu: ukiona nyufa ndogondogo, au likinata vidoleni, mrudishie mwenyewe. Mpira uliooza hauna dawa.

1. Mapezi ya Jetfin. Georges Beuchat wa Marseille aliyatoa mwaka 1964. Matundu yake hupitisha maji, hivyo mguu hauhangaiki kuyasukuma yote. Ni meusi, mazito, na ukiyaachia yanazama. Baadaye yalihamia kwa kampuni ya Scubapro, wanaoyatengeneza mpaka leo; anayekuuzia "ya zamani ya Kifaransa" na akuonyeshe chapa ya Beuchat kwenye mpira. Nimeyaweka juu kwa sababu moja: unayavaa na kuingia nayo majini.

2. Regulata (kifaa cha kumpa mzamiaji hewa ya mtungi) ya Mistral, ya kampuni ya La Spirotechnique, 1955. Hii ndiyo ile yenye mipira miwili ya hewa inayopita mabegani. Chimbuko lake linachekesha kidogo. Wakati wa vita petroli ilikuwa adimu Ufaransa, magari yakaendeshwa kwa gesi, na mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide akatengeneza vali ya kuipima gesi hiyo. Mwaka 1943 yeye na Jacques-Yves Cousteau waliigeuza impe mzamiaji hewa kila anapovuta pumzi. Kwa hiyo ni ndugu wa regulata ya mtungi wako wa jikoni! Mistral ina vipuri vichache, na mapovu hutokea kisogoni, si mbele ya macho; wapiga picha waliipenda kwa hilo. Iliyolala kabatini miaka mingi ni pambo tu mpaka fundi anayeijua aifungue. Ukiuziwa pamoja na mtungi wake, usijaze hewa kabla mtungi haujapimwa kwa shinikizo la maji.

3. Regulata ya CG45. Cousteau, Gagnan, 1945: jina limejieleza. Ni mama yake Mistral, na bei yake si ya anayeanza.

4. Mapezi ya Louis de Corlieu. Ofisa huyu wa jeshi la majini alipata hataza mwaka 1933, kisha Owen Churchill akachukua leseni Marekani. Kwa heshima yangekuwa namba moja. Lakini mpira wa umri huo ukiuvaa unakatika, waachie makumbusho.

Ukishanunua, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, anika kivulini, na uyalaze mapezi bapa. Yakisimamishwa kwa ncha yatapinda, na hayanyooki tena.