Difragi kila usiku, asubuhi seva imelala

Jina la kampuni nalihifadhi, lakini mafundi waliotufungia seva ya SQL Server (programu ya kanzidata ya Microsoft) wamenichefua. Nyota moja, na hiyo ni ya nyaya, maana kabati walilipanga likapendeza.

Seva ilipoanza kusuasua niliwapigia. Fundi akanijibu: "Bosi, hiyo ni difragi tu, tutaiweka ijiendeshe usiku. Mambo ya kanzidata tuachie sisi."

Tuwaachie! Difragi ni kuunganisha vipande vya faili vilivyotawanyika diskini. AUTO_SHRINK, mpangilio wa kupunguza faili la data lenyewe likiwa na nafasi tupu, nimeikuta imewashwa, na ongezeko la faili la data ni MB 1. Mchana faili linakua kijipande kwa kijipande, kila kimoja kinadondokea popote penye upenyo. Shrink nayo inang'oa kurasa (vipande vidogo vya data) za mwisho wa faili na kuzirundika mbele, indeksi (orodha ya kutafutia data haraka) inakaa kinyumenyume. Usiku difragi inafagia takataka walizomwaga wenyewe, huku ikigombea diski na bakapu.

Halafu difragi ya Windows haioni ndani ya faili. Inapanga magunia ghalani. Mchele na maharage yaliyochanganyika ndani ya gunia hayaihusu. Nilipopima kwa sys.dm_db_index_physical_stats, kipimo cha SQL Server yenyewe cha mvurugiko wa indeksi, indeksi kubwa ilikuwa imevurugika zaidi ya asilimia 90, tena difragi imetoka kupita.

fsutil, amri ya Windows ya kukagua diski, ndiyo iliyonimaliza: klasta (vipande ambavyo diski imekatwa) za baiti 4096, zile zinazokuja zenyewe ukifomati bila kuangalia, wakati SQL Server inagawa nafasi kwa kurasa 8 za KB 8, yaani KB 64. Data na logi (kumbukumbu ya kila badiliko) wamezibana kwenye RAID 5 moja (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), ambako andiko dogo moja linadai kazi 4 za diski.

Dawa: zima AUTO_SHRINK. Chukua bakapu, ijaribu kwanza kama inarudi, ndipo ufomati diski ya data kwa KB 64. Logi ipe diski zake 2 za RAID 1, kila moja nakala ya mwenzake. Kuza faili la data mara moja litoshe mwaka mzima, ongezeko la MB 512 libaki la dharura. Mwisho ALTER INDEX REBUILD, amri ya kujenga indeksi upya, na uache nafasi tupu inayoizidi indeksi kubwa kuliko zote, la sivyo itakwama katikati. Ukimaliza usifanye shrink "kurudisha nafasi", utarudi ulikotoka.

Kusema haki, diski walizoleta ni imara. Nilishataka kuwapa nyota mbili.

Juzi bili imekuja: "huduma ya difragi", safari hii hadi kwenye SSD ya tempdb (kanzidata ya kazi za muda), isiyo na kichwa cha kusogea, ambayo kila andiko la ziada linaila umri. Hata ile moja naichukua. Nyaya nitapanga mwenyewe.