Kalenda ya mezani ya majina, ya Kicheki na Kislovakia: tathmini ya Yohana mmoja wa Praha

Nimeitumia kalenda hii mwaka mzima juu ya meza yangu ya kazi hapa Praha, na ninaiandikia tathmini kwa sababu wenzetu wengi wanaokuja huku kusoma au kufanya kazi huipita madukani wakidhani ni ya tarehe tu. Ina ukurasa mmoja kwa kila wiki, imeshikwa juu kwa waya, nami niliinunua kwa koruna 89. Chini ya kila tarehe yameandikwa majina mawili: la herufi nzito ni la Wacheki, la herufi za mlazo ni la Waslovakia. Mwenye jina la siku hupongezwa nyumbani na kazini, pengine akapewa ua au chokoleti, na yapo maduka ya maua yanayoandika jina hilo kwenye ubao wa mlangoni ili mpita njia asisahau.

Mimi naitwa Yohana, kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kulitafuta jina langu. Nililiona tarehe 21 Agosti: Johana. Nilifurahi sana, mpaka mwenzangu wa kazini aliponieleza kwa upole kwamba kwa Kicheki Johana ni jina la mwanamke, kwa kuwa majina yanayoishia na «a» kwao kwa kawaida ni ya kike. Kwetu Yohana ni Mbatizaji, ni mwanamume bila shaka yoyote, na Waislamu wa pwani humwita Yahya bin Zakaria. Siku yangu hasa, akasema, ni tarehe 24 Juni, siku ya Jan, ambalo ndilo Yohana la Kicheki.

Ukurasa wa wiki hiyo ndio ulionifanya niipende kalenda hii, na ndio ninaoulaumu zaidi. Tarehe 24 Juni ni Jan, tarehe 25 Juni ni Ivan, na hakuna alama hata moja ya kumwambia msomaji kwamba hao ni somo, tena wa jina lile lile. Yote mawili yametoka kwenye Yohanan ya Kiebrania, yaani Mungu amefadhili. Jan lilifika kwa njia ya Kilatini na nchi za Wajerumani, pamoja na kanisa la Roma. Ivan lilipitia Kigiriki na Kislavoni cha kale (lugha ya ibada ya Waslavi), pamoja na kanisa la Mashariki. Ndiyo maana Mpoland ni Jan ilhali Mrusi, Myukreni na Mbulgaria ni Ivan, Mserbia huitwa Jovan, na Mslovenia Janez. Kwa Wacheki njia hizo mbili zimekutana katika kijiji cha Svatý Jan pod Skalou, kusini-magharibi mwa Praha: jina la kijiji ni la Mtakatifu Yohana, lakini mapokeo yanasema kwamba aliyeishi katika pango lake alikuwa mtawa aitwaye Ivan, na kumbukumbu yake ndiyo hiyo ya tarehe 25. Mstari mmoja mdogo wa maelezo ungetosha kabisa, na nafasi ipo, kwa sababu pembeni mwa ukurasa wamechora maua yasiyo na kazi.

Upungufu wa pili unamgusa mgeni moja kwa moja. Kalenda inaandika majina ya kwenye hati tu, wakati kina Jan wengi ninaowafahamu hawaitwi Jan na mtu yeyote. Wanaitwa Honza, lililotokana na Hans la Kijerumani, na ukimwita mtu huyo kwa sauti jina hugeuka tena likawa «Honzo!». Mgeni aliyeahidiwa keki na Honza atapekua kurasa zote za mwaka asimwone.

Safu ya Kislovakia ni ya thamani kuliko nilivyotarajia. Inaonyesha kwamba Ján wao anasherehekea siku moja na Jan wa Wacheki, ila Ivan wao yuko tarehe 8 Julai, na kwa sababu hiyo nilimpongeza Mslovakia mmoja wiki mbili kabla ya siku yake, kabla sijajifunza kusoma herufi za mlazo. Tarehe 6 Julai imepigwa rangi nyekundu upande wa Kicheki kwa ajili ya Jan Hus, mhubiri Mcheki aliyetaka kanisa lirekebishwe, aliyechomwa moto mjini Konstanz mwaka 1415. Hilo wamelieleza vizuri.

Kwa yeyote mwenye marafiki nje ya nchi hizi mbili, kalenda haitoshi. Ivan wa Bulgaria hupongezwa tarehe 7 Januari. Jānis wa Latvia ana usiku mzima wa moto, bia na jibini yenye mbegu za kisibiti kuanzia tarehe 23 Juni, na huvikwa shada la majani ya mwaloni kichwani. János wa Hungaria na Juhani wa Finland nao ni ndugu zetu wa jina.

Karatasi ni nzito na inapokea wino bila kuvuja, lakini waya ulianza kulegea mwezi Septemba. Hata hivyo nimekwisha kununua ya mwaka ujao, na kabla ya kuisimamisha mezani niliandika «Honza, Yohana, Yahya» kwa penseli chini ya tarehe 24 Juni, nikachora mshale kutoka hapo hadi kwa Ivan wa tarehe 25.