Mausi moja ya kazi mchana na gemu usiku, venye nilichagua yangu hapa Kisumu

Nimepitia mausi tatu kwa miaka mitatu na ni hii ya tatu tu ndio naweza kusema imerudisha pesa yangu, kwa hivyo kama uko karibu kununua ya gemu na bado unataka ikufanyie kazi za kila siku, soma hii kwanza. Mimi mchana niko kwa ofisi ndogo ya mahesabu karibu na Oginga Odinga Street, kazi yangu ni Excel na kujazia watu ritani za kodi za KRA, halafu jioni nikifika nyumbani Manyatta kama stima iko nacheza Counter-Strike 2 (CS), gemu ya kupigana risasi, na ndugu yangu mdogo ambaye anakaa Nakuru. Mausi mbili sitaki, moja ya ofisi na moja ya nyumbani ni kubeba mzigo na ni kutoa pesa mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa zile ndogo hazina waya, nilitoa 450 kwa jamaa alikuwa ametandaza chaja na earphone kando ya njia. Kwa ofisi ilifanya tu sawa. Lakini ukiingia kwa gemu unaona mshale unabaki nyuma ya mkono, na ukiiacha kidogo inalala, ukiigusa inachukua kama sekunde nzima ndio iamke, na kwa CS sekunde nzima ushaanguka unaangalia wenzako wakicheza. Hio nilipatia dada wa mapokezi na mpaka leo anaitumia na amefurahi nayo, manake yeye ni kuandika barua na kuangalia imeili basi. Kama wewe pia hauchezi gemu chukua kama hio, ama Logitech M185 ambayo ni DPI 1000 (hio DPI nitaeleza hapa chini) na betri moja ya AA, usipoteze pesa yako.

Ya pili ndio iliniuma. Nilienda duka moja la kompyuta hapa mjini, nikaona moja inawaka taa za rangi zote, boksi imeandikwa 12,000 DPI kwa herufi kubwa, muuzaji akaniambia, “Omera, chukua hii, namba kubwa hivi hautapata mahali pengine kwa hii bei.” Nikatoa 1,800. Sikujua hio namba ni ya nini, na naona watu wengi bado wanauziwa na hio namba kwa hivyo wacha nieleze venye nimekuja kuelewa. DPI ni vile mshale unasonga mbali ukisukuma mausi inchi moja. Ukiweka 800, inchi moja ya mkono ni nukta 800 kwa skrini. Skrini yangu ni ile ya kawaida ya nukta 1920 kwa upana, sasa piga hesabu, ukiweka 12,000 inchi moja tu inavuka skrini mara sita na zaidi! Nani atalenga kichwa cha mtu na mausi inaruka hivyo? Wachezaji wengi wa CS wanakaa 400 ama 800 na wanaendelea vizuri. Na hizi za bei ya chini mara nyingi sensa yenyewe, kile kijicho cha chini kinachosoma mwendo wa mkono, haifiki hio namba, programu ndio inazidisha, mshale unaanza kutetemeka. Kitu cha kuuliza ni kama sensa inasoma mkono wako bila kukosea hata ukiuvuta kwa nguvu, na hio utaipima wewe mwenyewe, boksi haitakuambia.

Halafu joto. Mnajua Kisumu ya Februari, saa nane mchana hata feni inakupulizia hewa moto na kiganja kimelowa. Ile mausi ilikuwa imepakwa mpira laini kwa pande zote mbili ati ndio isiteleze, miezi mitano tu ule mpira ukaanza kulainika, unanata kwa kidole gumba kama big G imetafunwa, vumbi na nyuzi za shati zinashika hapo zinageuka weusi. Nilijaribu kupangusa na spiriti ikawa inatoka vipande vipande. Tangu siku hio mausi yenye mpira wa kupakwa siangalii mara ya pili, nataka plastiki tupu yenye kukwaruza kidogo, ikilowa jasho unapangusa na kitambaa kazi imeisha.

Hio ningevumilia. Mwezi wa sita ndio ikanivunja moyo kabisa, manake 30 Juni ndio siku ya mwisho ya kujaza ritani na wiki hio watu wamepanga laini mpaka kwa ngazi, na mausi ikaanza kubonyeza mara mbili yenyewe. Nabonyeza mara moja inasoma mara mbili. Nachagua seli za Excel kutoka juu kwenda chini, inaachilia katikati. Nakokota faili kupeleka kwa folda ya mteja, inaangukia folda ya mteja mwingine, kuna P9, ile fomu ya mshahara na kodi, ya mwalimu mmoja niliitafuta karibu nusu saa mama wa watu amekaa tu hapo mbele yangu na mkoba kwa magoti, kumbe iko ndani ya folda ya mtu hata hawajuani. Niliomba msamaha na nikaona aibu sana. Usiku kwa gemu ni ile ile, umeshikilia kumwaga risasi inaachilia yenyewe halafu inashika tena.

Nikaipeleka kwa fundi wa Kondele. Aliondoa vile vibandiko vya chini vinavyoteleza, kumbe skrubu zimefichwa hapo, akaifungua akanionyesha. Chini ya kila kitufe kuna swichi nyeusi kama punje mbili za mahindi zimewekwa pamoja, ndani yake kuna kijibati cha shaba chembamba kinachojipinda na kugusa ukibonyeza. Kikichakaa ama kikishika kutu hakigusi safi tena, kinagusa kinaruka kinagusa, na kompyuta inahesabu hizo ni mbonyezo mbili. Sehemu ya kugusa ilikuwa imekuwa nyeusi. Alinichomelea swichi ingine kwa 300 na ikafanya kazi miezi mingine sita, kwa hivyo kama yako imeanza hio tabia usitupe, tafuta fundi wa kuchomelea vitu vidogo. Kuna mausi zingine siku hizi swichi zake zinatumia mwanga badala ya kijibati, Razer wanazo kwa modeli zao nyingi, hizo haziwezi kupata huo ugonjwa, lakini bei inapanda.

Wakati wa kununua ya tatu nilichukua muda. Nilibeba laptopu yangu mpaka dukani, nikamwomba kijana wa duka anifungulie tatu nizijaribu hapo hapo, na akakubali, mwenye atakataa kukufungulia boksi toka uende duka lingine. Zilikuwa Logitech G102 ya waya, Razer DeathAdder Essential ya waya, na Logitech G305 ambayo haina waya, maduka mengine utaiona imeandikwa G304, ni ile ile. Kitu cha kwanza ni mkono. Mimi nikipima kutoka mwisho wa kiganja mpaka ncha ya kidole cha kati ni kama sentimita 18, na nashika mausi na vidole vimekunjwa kiganja kikigusa nyuma tu. DeathAdder ni ndefu, karibu sentimita 12.7, na imepindwa kwa wenye kutumia mkono wa kulia, mkono wangu ulikuwa unapotea juu yake. G102 na G305 zina umbo moja, kama sentimita 11.7, zilikaa kwa mkono wangu hata sikuhitaji kufikiria. Hapo ni mkono wako unaamua, usinifuate mimi.

Jaribio nililofanya ni hili na nakusihi ufanye pia. Kwanza ingia mipangilio ya mausi kwa Windows uondoe ile alama ya “Enhance pointer precision” inayofanya mshale uongeze kasi wenyewe, manake ikiwa imewashwa umbali uleule wa mkono unakupatia majibu tofauti kila wakati. Halafu weka kalamu mezani kama alama, mausi ianzie hapo, ivute kwa nguvu kwenda kulia halafu irudishe polepole mpaka kwa kalamu. Mshale ukirudi pale pale ulianza, sensa ni nzuri. Ukipata umepotea mbali, ilikosa kusoma. Zote tatu zilipita. Ile yangu ya taa niliijaribu pia juu ilikuwa kwa begi, mshale ulirudi upande mwingine wa skrini kabisa.

Nikabaki na swali la waya. Ubongo ulikuwa unaniambia bila waya inachelewa kwa sababu ya ile ya 450, lakini zile za bei hio nyingi zinaripoti kwa kompyuta mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8, na G305 inaripoti mara 1000, kila milisekunde 1, sawa tu na ya waya. Na hapo nikwambie, kuna za bei kubwa zinaripoti mara 4000 hata 8000, kama skrini yako ni ya 60 Hz kama yangu picha yenyewe inabadilika kila milisekunde 16 na kitu, hio pesa peleka kwa intaneti ya nyumbani kwanza, juu ping mbaya, yaani intaneti ikichelewa, hakuna mausi inaitibu.

Nikachukua G305. Kijana alianzia 5,500 nikamwomba anipunguzie tukafika 4,900, nikaandikiwa risiti. Uzito wake ni gramu 99 na betri ndani, G102 ni 85, na utausikia huo utofauti siku za kwanza ukitoka kwa nyepesi, mimi baada ya wiki mkono ulizoea. Sasa ni miezi tisa. Wenyewe wanasema betri moja ya AA inaenda masaa 250, na kwangu naitumia kama masaa nane mpaka kumi kwa siku, nabadilisha kila wiki tatu unusu mpaka nne, hesabu inakubaliana. Nimenunua betri mbili za kuchaji, moja iko ndani moja iko kwa chaja, manake siku betri iliisha saa nne usiku katikati ya mechi na maduka yamefungwa nilijifunza.

Kuna siku nilidhani imeanza kuharibika, mshale unakatakata hata nikifungua folda tu. Kumbe nilikuwa nimechomeka kile kipokezi chake kando ya hadidiski ya nje kwa tundu za bluu, zile za USB 3.0, na hizo zikiwa na kazi zinatoa kelele ya mawimbi kwa 2.4 GHz, na kipokezi pia kinaongea hapo hapo. Nikatoa ule waya wa kurefusha uliokuja ndani ya boksi, nikakisogeza mpaka karibu na mausi, ikatulia na haijarudia tena. Wewe pia ukiona hivyo sogeza kipokezi kabla ya kulaumu mausi.

Naiweka 800 DPI kazini na kwa gemu, sibadilishi, kwa CS nimeweka sensitivity, ile kasi ya kulenga ndani ya gemu, 1.1. Vile vitufe viwili vya pembeni kazini nimeviweka kunakili na kubandika, na hicho kitu kidogo kimeniokolea muda mwingi kuliko hata gemu, namba ya PIN ya KRA ya mteja kutoka kwa Excel mpaka kwa fomu sigusi kibodi. Kama unatumia mkono wa kushoto jua hivyo vitufe viko upande mmoja tu, gumba lako halitavifikia.

Ndugu yangu alikuja Desemba akaijaribu wikendi nzima, yeye mikono yake ni ya baba, mikubwa, na anailaza yote juu ya mausi, akasema vidole vinaangukia mezani. Nilimpeleka kwa kijana yule yule wa duka akaweka mkono juu ya DeathAdder Essential na akatabasamu kabla hata haijachomekwa. Ni gramu 96 bila kuhesabu waya, na huo waya kwake si shida juu yeye habebi, inakaa mezani Nakuru. Jana usiku tumecheza mechi nne.