CD za kuchomewa kibandani: muhula mzima wa kipindi cha PE (mazoezi ya viungo), Mbale

Nafundisha Kiswahili na mazoezi ya viungo katika sekondari moja nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Mtaala mpya ulipoanza 2020, masomo haya yote mawili yaliingia kwenye orodha ya lazima ya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mwalimu wa viungo hatukuwa naye, nikaombwa nilichukue somo hilo, na sasa sitaki kuliachia mtu.

Darasa lina watoto 82, uwanja ni nyasi upande mmoja na murram, udongo mwekundu wa changarawe, upande wa pili, kipindi ni dakika 40. Filimbi inaanzisha na kusimamisha, basi. Haimpi mtoto mwendo, wala haimtoi yule anayejibanza nyuma ya mwembe kila tukitoka nje. Ngoma ikilia anatoka mwenyewe. Shule ina redio mbili za zamani za kaseti na CD, ndiyo maana nilikwenda kibandani kuchomewa CD, yaani kuwekewa sauti kwenye diski tupu. Kama redio yenu ina tundu la flashi, hamna haja ya safari hiyo.

Kibanda chenyewe ni chumba chembamba mjini: kompyuta mbili, mashine ya kupiga chapa picha za pasipoti, na CD tupu zilizopangwa juu ya kijiti chake kama chapati. Bei ni shilingi 3,000 kwa CD moja pamoja na diski yenyewe. Kupangiwa nyimbo kwa mfuatano unaoutaka hakuongezi kitu, na kwangu mfuatano ndio kazi yote.

Mara ya kwanza nilipeleka flashi na karatasi ya mpangilio, nikalipa 12,000 kwa CD nne. Jumanne asubuhi watoto wamejipanga, nabonyeza, redio inazungusha, inazungusha tena, inaniambia hakuna diski. Zote nne hivyohivyo. Kijana wa kibanda alikuwa amezichoma kama data, yaani mafaili ya MP3 yalivyo, na redio zetu hazijui MP3. Zinataka CD ya sauti. Jioni nilirudi. "Pole madamu, siku hizi wengi wanaweka garini," akaniambia. Namwamini, lakini hakuniuliza nitapigia nini, na kuuliza ni kazi ya fundi. Alichoma upya bila malipo ya kazi, ila diski nne mpya nikazilipia mimi, 4,000. Hilo halikunipendeza, na nilimwambia.

Mjue tofauti kabla hamjatoa pesa. Diski ya MB 700 ikichomwa kama data inameza nyimbo zaidi ya mia. Ikichomwa kama CD ya sauti inachukua dakika 80, hata faili liwe dogo namna gani. Kwangu dakika 80 ni vipindi viwili kamili, sihitaji zaidi.

Mzigo wa pili ndio uliofanya niandike haya. CD ya kwanza inaanza na dakika nne za kutembea, halafu kadodi, ngoma ya huku kwetu. Sikuichukua popote: niliirekodi kwa simu chini ya mwembe, wanafunzi wangu watano wakipiga ngoma. Nyumbani nikaikata na kuipanga kwa Audacity, programu ya bure. Inaongeza mwendo wa ngoma bila kuibana sauti ikawa kama ya ndege, kwa hiyo kadodi ileile inaanza taratibu na kupanda kidogo kidogo kwa dakika sita. Kadodi ni ngoma ya imbalu, yaani sherehe za tohara za Wagisu, na mwaka wa tohara mji mzima unatembea nayo. Mtoto wa Kigisu haambiwi afanye nini nayo. Wanaotoka Teso na Busia huwatazama wenzao miguu, na wiki ya tatu huwezi tena kujua nani katoka wapi.

Kati ya kipande na kipande CD huweka kimya cha sekunde mbili. Kwenye gari hakuna anayejali. Kwenye kupasha mwili, sekunde mbili zinatosha watoto themanini kusimama na kuanza kuongea, na kuwarudisha ni dakika nzima. Nilimweleza kijana, akaelewa papo hapo: akaiondoa ile nafasi na kuchoma diski yote kwa mkupuo mmoja. Ngoma sasa inapita kutoka kutembea hadi kukimbia bila mshono. Hapo nilimpa mkono.

Kitu kingine: alitaka kunijazia nafasi iliyobaki kwa nyimbo kutoka kwenye kompyuta yake, bure. Nilikataa. Nyimbo hizo zina wenyewe, na Uganda ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2006. Ngoma za watoto wangu zinatosha.

CD ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ina milio tu, ya lile jaribio la mbio za mita 20 lililotoka Kanada, la Léger na Lambert, 1982. Unaweka alama mbili, mtoto anatakiwa kuwa amefika kabla ya mlio. Katika toleo la baadaye ninalotumia, unaanza na kilomita 8.5 kwa saa, na kila dakika, yaani kila hatua, unaongeza nusu kilomita. Kwa kilomita 9 kwa saa, milio inapishana sekunde 8 kamili. Ukifika 10, sekunde 7.2. Milio hiyo niliitengeneza mwenyewe, usiku mbili. Zamani jaribio hili lilikuwa kwenye kaseti, na kaseti ikichoka mwendo unabadilika, mtoto anapewa alama zisizo zake. CD haina ugonjwa huo. Kuna msichana aliyeishia hatua ya nne Februari na kufika ya saba Aprili. Aliikuta milio ileile, basi hakuna wa kumwambia kapendelewa.

Nilijaribu pia simu na spika ya bluetooth ya mwalimu mwenzangu. Sauti ni kali kuliko redio yetu, nakiri. Lakini katikati ya jaribio dada yangu alipiga, spika ikatoa mlio wa simu, watoto wakageuka wote kabla ya mstari, tukaanza upya na miguu imeshachoka. Tena simu inataka mkono na jicho langu, na vyote viwili navihitaji kwa mtoto anayekimbia huku goti limekaa vibaya.

Ubora wa diski zenyewe ni wa kati. Moja imeanza kurukaruka, na kosa ni la uwanja: vumbi, na kishindo cha miguu kinachotikisa benchi. Sasa redio inakaa juu ya gunia lililokunjwa na hali imetulia. Msiziache juani, rangi inayobeba sauti hufifia. Na msiandike juu yake kwa kalamu ya wino ya kawaida. Upande wa maandishi ndio mwembamba, ncha ikichimba inafika kwenye sauti. Kibandani wana kalamu laini ya marka, muombeni.

Watu wa kibanda nawapa nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni ile 4,000. Flashi ya muhula ujao nimeshaipeleka jana, na juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa nyekundu: CD YA SAUTI, BILA NAFASI KATIKATI. Kijana aliisoma mara mbili, akaniuliza redio ni ya aina gani.