VirtualBox na VM zangu mbili za Ubuntu: uzoefu wangu, na usiku ule wa 10.0.2.15

Nianze na mashine yenyewe msije mkadhani nina maabara. Ni ThinkPad ya mtumba niliyoinunua Kampala, ramu gigi 8, Windows 10, betri ukichomoa chaja unapata kama dakika arobaini alafu kwaheri. Mimi niko Busia, upande wetu wa Uganda, nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, na jioni nikishafunga najifundisha Linux. Sasa kuna mzee mmoja ajenti wa forodha hapa mpakani aliniomba nimtengenezee seva ya kuhifadhi makaratasi yake ya mizigo, na mimi sikutaka kujifunzia kwenye kompyuta ya mtu, nikasema ngoja nifanyie majaribio kwangu kwanza, VM mbili (kompyuta za kuigiza zinazokaa ndani ya kompyuta halisi) za Ubuntu Server 22.04, ambayo ni Linux ya seva, moja ya faili na nyingine ya databesi.

Kuinstoli VirtualBox, ile programu ya kuendesha hizo VM, hakuna cha kusimulia. Kama kwenye orodha unaona Ubuntu ya 32-bit tu, rudi BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uwashe virtualization, kwenye ThinkPad ni F1 wakati inawaka, basi. Ile programu kuu ni bure na msimbo wake (source code) uko wazi kwa kila mtu, ila Extension Pack, kile kifurushi cha nyongeza, ina leseni yake, bure ni kwa matumizi binafsi na masomo, kwa hiyo kama ni kazi ya biashara usiiweke tu kwa mazoea. Mimi sijaihitaji mpaka leo.

Shida ilikua netiweki. Nikawasha VM ya kwanza, nikaandika ip a, amri ya kuonyesha anwani, nikaona 10.0.2.15. Sawa. Nikawasha ya pili, ip a, 10.0.2.15. Nikafuta ile ya pili nikainstoli upya (dakika ishirini zimeenda hivo), 10.0.2.15 tena. Nilikaa pale natazama skrini saa nne usiku nikijua kabisa anwani mbili sawa kwenye netiweki moja ni balaa, kumbe hazikua kwenye netiweki moja! Ukiacha VirtualBox na ile hali yake ya kwanza, yaani NAT, kila VM inapewa ruta yake ya peke yake ndani ya programu, lango ni 10.0.2.2, DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ni 10.0.2.3, na VM inakaa 10.0.2.15. Ni kama nyumba mbili kila moja na ua wake na ukuta wake, zote mlango zimeandika namba 1. Hazigombani, na pia haziwezi kusalimiana, na laptopu yenyewe haiwezi kuingia ndani mpaka uitoboe tundu, unaweka port forwarding, poti 2222 ya laptopu iende poti 22 ya VM, ile ya ssh (kuingia kwenye seva ukiwa mbali). Kwa mtu mwenye VM moja hiyo inatosha kabisa, usijisumbue na mengine.

Mimi nina mbili na nataka ziongee. Nikasoma mahali wakasema weka Bridged, VM itakua kama kompyuta ya kawaida pale kwenye ruta. Kwa kebo ni kweli. Kwa waifai ni bahati nasibu na manual ya VirtualBox yenyewe haikufichi hilo: kadi nyingi za waifai haziruhusu kifaa kimoja kutuma kwa MAC (namba ya kadi ya netiweki) tofauti tofauti, kwa hiyo trafiki yote ya VM inabidi ivae MAC ya laptopu, na hapo sasa inategemea kadi yako na ruta yako zinaelewana vipi. Alafu mimi kwangu intaneti ni hotspoti ya simu, mchana laini ya Uganda, jioni nikikaa upande wa geti saa zingine simu inashika mnara wa ng'ambo, kila nikibadilisha VM inapata anwani mpya au haipati kabisa. Seva gani hiyo inahama kila jioni kama mpangaji mwenye deni.

Kilichonitoa ni kadi mbili kwa kila VM na hii ndiyo ntakayomshauri mtu yeyote mwenye laptopu ya kutembea nayo. Adapter 1 acha NAT, hiyo ni ya intaneti tu. Adapter 2 weka Host-only, hiyo ni ya ndani kati ya laptopu na VM zako, laptopu inakua 192.168.56.1 na haijali uko kwenye hotspoti gani, hata bando likiisha kabisa bado unaingia kwenye seva zako kwa ssh. Ukiwasha VM utaona enp0s3 ina anwani, na enp0s8 iko DOWN, usiogope, Ubuntu haijaambiwa chochote juu ya kadi ya pili. Unafungua faili la mipangilio ya netiweki, /etc/netplan/00-installer-config.yaml, na mimi nikaandika hivi:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s3:
      dhcp4: true
    enp0s8:
      addresses: [192.168.56.10/24]

Hapo ni nafasi, siyo tab. Narudia, nafasi. Nilipoteza nusu saa kwa tab moja ambayo kwa macho haionekani. Na badala ya netplan apply andika sudo netplan try, inakupa sekunde 120 za kuthibitisha, usipothibitisha inarudisha ya zamani, yaani ukijifungia nje mlango unafunguka wenyewe. Anwani nikaanza na .10 kwa sababu DHCP (kigawa anwani) ya VirtualBox kwenye Host-only inaanzia 101, sitaki zigongane.

Kugongana nako nilishakuonja. Kabla sijaweka anwani za kudumu nilikua nime-clone (nimenakili) VM ya kwanza kupata ya pili upya, nikachagua kabisa MAC mpya kwa kadi zote, bado zote mbili zikachukua 192.168.56.101! Hii safari ilikua mgongano wa kweli, ssh inaingia kwa hii, ukitoka ukirudi inaingia kwa ile. Sababu iko ndani ya Ubuntu: ikiomba anwani haijitambulishi kwa MAC, inajitambulisha kwa namba inayotokana na /etc/machine-id, na clone imebeba faili lile lile. Kwenye ile clone fanya sudo truncate -s 0 /etc/machine-id, reboot, inajitengenezea nyingine. Ukiwa hapo hapo badilisha na hostname, na funguo za ssh za seva uzifute uzitengeneze upya, maana nazo zimenakiliwa.

Jambo lingine la hotspoti. Unahamisha laptopu kutoka waifai moja kwenda nyingine, VM inaping 8.8.8.8 vizuri ila apt update (amri ya masasisho) inakwambia haiwezi kupata jina. Hapo intaneti ipo, kilichokufa ni DNS, VM bado inauliza seva ya DNS ya kule ulikotoka. Nilizima VM nikaenda kwenye folda ya VirtualBox nikaandika VBoxManage modifyvm seva1 --natdnshostresolver1 on, tangu hapo majina inaulizia kwa Windows yenyewe na sijaona hilo tatizo tena.

Na ssh ikikataa, soma neno inalokwambia kabla hujagusa kitu. Connection refused maana yake umepiga hodi na umejibiwa, nyumba ipo, mwenyeji wa poti 22 hayupo, kwangu ilikua nimesahau kuweka openssh-server. Connection timed out ni hodi bila jibu, hapo angalia anwani, angalia kadi, angalia ufw, yaani ukuta wa Ubuntu. Ila msidanganyike na ping ya kutoka VM kwenda 192.168.56.1, ukuta wa Windows mara nyingi unaimeza kimya kimya na huku ssh ya kuingia inafanya kazi bila neno.

Upande wa bando sasa, maana huku kwetu tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 juu ya data na mimi kila megabaiti naiona usoni. Kuapdeti VM mbili ni kupakua pakiti zile zile mara mbili. Nikaweka apt-cacher-ng, inayohifadhi pakiti zilizokwisha kupakuliwa, kwenye ya kwanza, inasikiliza poti 3142, ile ya pili nikaiwekea faili ndani ya /etc/apt/apt.conf.d yenye mstari mmoja, Acquire::http::Proxy "http://192.168.56.10:3142"; (na hiyo nukta mkato ya mwisho usiisahau), na sasa pakiti ikishapita mara moja ya pili inaichukua hapo hapo ndani ya laptopu. Hii pekee imenifanya nisamehe yale mengine yote. Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa sababu jina NAT lipo na NAT Network (ile inayoziweka VM zote kwenye ua mmoja) ipo kwenye menyu ile ile na hakuna anayekuambia ni vitu viwili tofauti mpaka uumie.

Wiki jana mzee wa forodha akapita kibandani kuona kazi. Nikamfungulia brauza, nikapakia hati moja ya mzigo, ikaingia, nikamwonyesha iko kwenye seva ya pili pia. Akafurahi. "Sasa kijana wangu, hizo seva mbili umeziweka wapi?" Nikamwambia ziko humu mzee. Akatazama laptopu, akanitazama mimi, alafu akainama akachungulia chini ya meza.