Kikokotoo cha shilingi 900, na saba yake inayonasa

Nilikinunua Luthuli Avenue, Nairobi, Jumamosi, kwa shilingi 900 baada ya kutajiwa 1,300. Nafundisha tuisheni ya hisabati Umoja, kwa hiyo sikukipima kwa 2 + 2. Palepale kaunta nikaandika 4,294,967,297. Kijana wa duka akacheka: "Mwalimu, hizo ni pesa za nani?"

Namba hiyo ni 2 kipeo 32, ongeza 1. Mwanahisabati Fermat aliamini ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha inagawanyika kwa 641. Nikabonyeza kitufe cha kuchambua namba kuwa vigawo tasa, kikatoa 641 × (6700417) kabla sijapepesa macho. Hayo mabano ndiyo niliyoyapenda: mashine inakiri kwamba hapo imefika mwisho, haijui kama kipande hicho kinavunjika tena.

Nikamalizia mwenyewe ndani ya matatu. Tasa yoyote inayoigawanya namba hii lazima ibakishe 1 ukiigawanya kwa 128. Kama 6,700,417 inavunjika, lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo hicho ni kama 2,588, na chini yake tasa za aina hiyo ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Zote zikabakisha kitu. Basi ni tasa, tena nimeshinda mashine kabla ya kufika Donholm.

Skrini inasomeka hata juani. Lakini wiki ya pili kitufe cha 7 kikaanza kunasa; unabonyeza mara moja, unapata 77. Nilikirudisha, nikaambiwa eti risiti haina muhuri. Muhuri ni wao wenyewe hawakugonga!

Nyota tatu.