Cheni ya taimingi ya Toyota 22R: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiwasha Hilux yako ya petroli yenye injini ya 22R asubuhi ukasikia mkwaruzo wa sekunde mbili tatu mbele ya injini, kisha kimya, usikimbilie oili nzito. Cheni ya taimingi, ile inayotoka kwenye krenki kuzungusha kamshafti (shafti inayofungua vali), inagonga. Teshena ya 22R, yaani kikaza cheni, husukumwa na presha ya oili. Presha ikichelewa kupanda, cheni inalegea na kupiga reli, vile vipande virefu vinavyoielekeza isiyumbe. Reli ya plastiki ikivunjika, cheni huanza kusaga kava ya mbele, ambayo ni ya alumini na ina njia ya maji ndani yake. Ikitoboka, maji yanaingia kwenye oili na dipstiki inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Gari likiendelea kutembea hivyo, beringi za krenki nazo zinakwenda.

22R za mwanzo zilikuwa na cheni ya safu mbili. Kuanzia modeli za 1983 ikaja safu moja, na reli za plastiki. Ndiyo maana wengi wanalaumu wembamba wa cheni. Mimi nalaumu reli: cheni ya safu moja ikielekezwa vizuri hudumu miaka mingi, na pesa yako iende huko kwanza.

Namba moja: kiti kamili (seti ya vipuri) cha safu moja, reli za mgongo wa chuma. Kiwe na cheni, gia ya krenki, gia ya kamshafti, teshena, reli mbili na gasketi. Nenda dukani na sumaku. Reli ya chuma itaishika, ya plastiki tupu haitaishika hata ikiwa imepakwa rangi. Ukikosa mbili za chuma, walau ile isiyo upande wa teshena iwe ya chuma, maana ndiyo inayovunjika. Maelezo mengi ya Marekani huiita reli ya "upande wa dereva", na kule dereva hukaa kushoto. Kwetu ni upande wa abiria. Nimeshaona fundi akibadilisha ile nzima na kuirudisha iliyochoka.

Namba mbili: kurudi safu mbili. LC Engineering ya Arizona, Marekani, wanauza kiti cha kubadilisha. Ni kazi nzuri kwa pikapu ya mizigo ambayo injini yake inafunguliwa yote. Lakini gia zote mbili lazima zibadilike pamoja na cheni, na bila reli za chuma umenunua uzito tu. Kwa gari la kwenda sokoni na shambani, sioni haja.

Namba tatu: kiti cha bei rahisi chenye reli za plastiki. Kinakubalika ukiwa umebanwa, ila tupa reli zake na ununue za chuma peke yake.

Mwisho kabisa: cheni tupu. Usinunue. Cheni mpya juu ya gia zilizolika huisha mapema, na gharama ya kufungua unalipa mara ya pili.

Unapoagiza, taja mwaka wa injini. Mwaka wa gari unaweza kukudanganya, kwani injini nyingi zimeshabadilishwa, na viti vya 1983 hadi 1984 si vile vya 1985 kuendelea. Kama kava ina mfereji uliochimbwa na cheni, nunua na kava. Pampu ya maji imefungwa juu ya kava hiyo hiyo na pampu ya oili iko hapo hapo, kwa hiyo zikaguliwe siku hiyo hiyo.

Mkumbushe fundi ile bolti iliyojificha mbele ya silinda hedi, chini ya gia ya kamshafti, mara nyingi imezama kwenye oili. Inashika kava. Asipoitoa, atavuta kava kwa nguvu mpaka aipasue.